Kuokoa Kibanda cha Simu cha Zamani Lubumbashi: Anza na Miguu, Maliza na Rangi

Kibanda cha simu cha zamani hakifi kwa sababu rangi yake imepauka. Kinaanza kufa chini, pale chuma au mbao inapokutana na sakafu, kwa kuwa maji hukaa hapo msimu baada ya msimu na hakuna anayeyatoa. Kinamalizika siku ambayo hakina tena kazi wala mtu wa kukitazama, maana hapo wanunuzi wa mitraille, yaani vyuma chakavu, hawako mbali. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili, maji na kazi. Rangi, ambayo wengi wetu hukimbilia kwanza, nimeisogeza karibu na mwisho.

Nimewaandikia watu wa Lubumbashi: walimu wenye kibanda kilichosahauliwa uani kwa shule, parokia, wafanyakazi wa stesheni, vijana wa mtaa waliokiona kimelala nyuma ya ofisi ya zamani. Walioko Likasi na Kolwezi wanaweza kuufuata mwongozo huu jinsi ulivyo. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma watabadilisha tarehe za mvua, na wa Goma wakumbuke pia kwamba moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba asidi inayoharakisha kutu, kwa hiyo kuosha kwao kuwe kwa mara kwa mara zaidi.

Hatua ya kwanza: pata karatasi

Usifungue hata skrubu moja kabla ya kuwa na karatasi mkononi. Kibanda kilichotelekezwa bado kina mwenyewe. Simu za umma zilikuwa mali ya serikali: wakati wa Zaïre ofisi ya posta na simu iliitwa ONPTZ, baada ya 1997 ikawa OCPT, na mrithi wake leo ni SCPT. Kama kibanda kimesimama ndani ya kiwanja cha kampuni au cha misheni, mwenye kiwanja huenda si mwenye kibanda, basi uliza pande zote mbili.

Andika barua kwa Kifaransa, fupi, yenye picha mbili na maelezo ya unachotaka kufanya. Peleka nakala komini (manispaa), nakala kwa ofisi ya utamaduni ya mkoa, na nyingine Musée national de Lubumbashi ukiomba maoni yao. Katika barua taja Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, inayohusu ulinzi wa mali za utamaduni. Ni sheria ya zamani, lakini inamwonyesha anayesoma kwamba hujaja kuomba vyuma chakavu. Wakikukubalia, dai PV, yaani hati rasmi ya makabidhiano, iliyosainiwa na inayoeleza kibanda kilikuwa katika hali gani siku ulipokipokea: mlango upo au haupo, vioo vingapi, chombo cha simu kipo au hakipo. Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda siku askari atakapokukuta umepakia chuma cha posta kwenye mkokoteni.

Uingereza wana mpango unaoitwa Adopt a Kiosk, ulioanza 2008, ambapo kampuni ya simu ya BT huachia jamii ya mtaa kibanda chekundu kwa pauni moja. Watu husimulia sana ile pauni moja. Mimi naona uzito uko kwenye mkataba: mtaa hupokea kibanda kwa maandishi, chombo cha simu kikiwa kimeshatolewa, na kuanzia siku hiyo matunzo ni yao. Hapa kwetu pia, bila maandishi ya namna hiyo, kazi yako yote inaweza kubebwa na mtu mwingine mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: kisome kabla ya kukigusa

Kibanda hubeba tarehe zake mwilini. Anza na maandishi. Kongo ya Wabelgiji iliandika sarafu na stempu zake kwa Kifaransa na Kiholanzi, kwa hiyo kibao chenye lugha hizo mbili kinakurudisha nyuma ya 1960. Jina Élisabethville linakuweka kabla ya 1966. Herufi ONPTZ, au neno Zaïre kama jina la nchi, zinakuweka kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Kama chombo chenyewe bado kipo, tafuta kibao kidogo cha kiwanda chini yake au ndani ya kifuniko. Ubelgiji ilikuwa na viwanda vikubwa vya simu mjini Antwerp, kimoja kikiwa Bell Telephone Manufacturing Company, kilichoanzishwa 1882. Jina la kiwanda na namba ya modeli vitakusaidia kutafuta vipuri baadaye.

Halafu tazama tundu la sarafu. Mwaka 1967 faranga iliachwa, zikaja zaïre na makuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei zilipanda hata sarafu ya chuma haikuweza kununua kitu, na mwaka 1993 zaïre milioni 3 zilibadilishwa kwa zaïre mpya moja. Faranga ya Kongo iliyokuja 1998 kwa matumizi ya kila siku imetoka kwa noti tu, hata senti zake zilikuwa za karatasi. Simu ya sarafu ilibaki haina cha kulishwa. Huku nyuma, tangu 1986, kampuni ya Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare ilikuwa imeshaanza simu za mkononi Kinshasa, kwa wenye uwezo. Nayaeleza haya kwa sababu kila ukifungua kibanda, mzee mmoja atakuja kuuliza kwa nini viliachwa, na anastahili jibu zuri kuliko "maendeleo". Pesa ya chuma ilitangulia kufa, kibanda kikafuata.

Na mzee huyo usimwache aondoke. Muulize yeye kibanda kilikuwa rangi gani, mlango ulifunguka upande upi, foleni ilipangwa wapi, nani alikuwa zamu pale posta. Uliza kama kuna picha ya harusi au ya komunio iliyopigwa karibu na hapo, kwani mara nyingi kibanda kimenaswa pembeni bila mtu kukikusudia.

Sasa rangi za chini. Chagua sehemu iliyojificha na jua, chini ya ukingo wa paa kwa mfano, au nyuma ya bawaba. Lowesha kidogo, kisha chukua msasa laini usugue kwa mzunguko mdogo usiozidi sarafu, polepole, mpaka ufikie chuma. Utapata duara lenye duara ndani yake, kama pete za mti: rangi ya juu nje kabisa, ya kwanza kabisa katikati. Pangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ili rangi zing'ae, tazama kwa lenzi, piga picha ukiweka kipande cha karatasi nyeupe pembeni. Ukiona tabaka la rangi ya chungwa limegusa chuma chenyewe, hiyo ni minium, rangi ya zamani ya kuzuia kutu, na imetengenezwa kwa madini ya risasi. Tutaizungumzia hapo chini, na hilo si jambo dogo.

Mwisho, jua ni chuma gani. Sumaku ikikataa kushika, mara nyingi una alumini. Ikishika, tazama unene na kona. Bamba la chuma lililokunjwa ni jembamba na kona zake ni kali. Chuma cha kalibu, ambacho mafundi wetu wanakiita fonte, ni kinene, kina mapambo ya mviringo, na kikivunjika ndani ni kijivu chenye chembechembe. Gusisha mashine ya kusaga kwenye pembe isiyoonekana na isiyo na rangi: chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu nyeupe zinazochanua, fonte hutoa cheche fupi nyekundu zinazokatika haraka. Usikosee hapa, kwa sababu hatua ya kuchomelea inategemea jibu hili.

Hatua ya tatu: elewa aliyekichora alifikiri nini

Kila kibanda kizuri cha simu kilichorwa kutatua matatizo manne: mvua, joto, kelele, na usalama wa pesa zilizomo. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Giles Gilbert Scott, na inafaa kuujua vizuri hata kama kibanda chako hakifanani nao.

Scott alishinda shindano la 1924 na kibanda chake, K2, kilianza kuwekwa mitaani London 1926. Paa lake la kuba limefanana na kaburi ambalo msanifu John Soane aliijengea familia yake katika makaburi ya St Pancras. Kuba ile inamwaga maji pande zote, na haina mahali pa kuyaweka. Taji lililoko juu ya K2 limetobolewa matundu, na matundu hayo ndiyo njia ya hewa ya moto kutoka. Mwaka 1935, kwa jubilei ya mfalme George V, Scott alichora K6, dogo na jepesi zaidi: karibu kilo 700, urefu wa mita mbili na nusu, upana wa sentimita 90 kila upande. Safu za vioo ziliongezwa kutoka sita hadi nane, na kioo cha katikati kikapanuliwa ili aliye ndani aonekane na mwanga uingie. Zilitengenezwa takriban 60,000 hadi 1968. Vipande vilifungwa kwa bolti, mlango ulikuwa wa mtiki, na hivyo sehemu iliyoharibika iliweza kutolewa peke yake.

Kuna jambo moja katika hadithi hiyo ninalolipenda sana. Scott mwenyewe alipendekeza K2 iwe ya rangi ya fedha nje na kijani-buluu ndani. Posta ya Uingereza ndiyo iliyochagua nyekundu. Kwa hiyo mtu akikwambia kibanda cha simu "lazima kiwe chekundu", mwambie nyekundu ile ni ya posta ya Uingereza, na tena haikuwa hata chaguo la mchoraji. Kibanda cha Lubumbashi kilipakwa rangi yake, na wewe umeshaiona katikati ya lile duara dogo.

Simama mbele ya kibanda chako sasa uulize maswali yale yale. Maji yanatoka wapi? Hewa inapita wapi? Nani alitakiwa kumwona aliye ndani? Utagundua mwanya mwembamba chini ya kibao cha juu ambao umezibwa na rangi miaka mingi, au tundu la sakafuni lililojaa udongo. Hayo ndiyo ya kurudisha kwanza.

Usisahau vibanda vya ndani. Posta za zamani zilikuwa na kabine za mbao ukutani, zenye namba juu ya mlango: ulitoa namba dirishani, ukasubiri, ukaitwa "kabine namba tatu". Hizo ndizo zinazopotea kimya kimya, kwa kuwa fundi seremala huziona kama kabati bovu. Namba, kibao cha mlango, na kitambaa au mbao laini ya kuzuia sauti ndani ni vitu vya kuhifadhi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya nne: chora, piga picha, weka namba

Piga picha kila uso kwa kusimama wima mbele yake, kisha kila kona, kila bawaba, kila herufi. Chora kwa mkono ukiandika vipimo. Halafu tundika kwenye kila kipande kibati chenye namba iliyogongwa kwa nyundo, usitumie karatasi wala kalamu, maana mafuta na maji vitaifuta. Bolti za kila upande ziingie kwenye kopo lake. Kazi hii inachosha, na watu huiruka, halafu siku ya kufunga paneli ya kushoto inakataa upande wa kulia kwa milimita mbili na nyundo inaitwa.

Bolti iliyoganda usiilazimishe. Ipake mafuta ya kulainisha kutu jioni, asubuhi igonge kidogo kichwani, ongeza mafuta, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa siku tatu, kata kichwa chake. Bolti mpya inapatikana, sikio la fonte likivunjika halipatikani.

Hatua ya tano: miguu na maji

Hapa tumia muda wako mwingi na pesa zako nyingi.

Lubumbashi inapata mvua kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na zinakuja kwa nguvu. Barabara zimeongezwa udongo na lami mara nyingi, kwa hiyo kibanda ambacho zamani kilisimama juu leo kiko shimoni. Chimba kuzunguka mguu mpaka uone pale kilipoanzia. Mara nyingi utakuta mtu mwema alimwaga simenti kuzunguka mguu ili kukiimarisha. Simenti ile imefanya bakuli: maji yanaingia kati yake na chuma, hayatoki, na kutu inavimba. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inapasua fonte na kuinua bamba kwa nguvu ambayo bolti haiwezi kuizuia. Toa simenti hiyo kwa patasi, kidogo kidogo, usiigonge kuelekea chuma.

Kama kibanda kinaweza kuinuliwa, kiinue. Ni kazi ya winchi na magogo, na watu wanaosikilizana. Paa litolewe kwanza. Tengeneza kitako kipya cha zege chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, juu ya kitanda cha kokoto, kikiwa na mteremko mdogo kutoka katikati kwenda nje, sentimita moja kwa kila nusu mita. Mteremko ukielekea ndani umejenga kisima. Kati ya zege na chuma weka tabaka la lami au mpira mnene, ili chuma kisinyonye unyevu wa zege. Acha tundu la kutolea maji sakafuni na uhakikishe unaweza kupitisha kidole.

Kama ni cha mbao, mbao isiguse udongo mahali popote. Mji wetu umejengwa kati ya vichuguu ambavyo vingine vinapita urefu wa nyumba, na udongo wake tunafyatulia matofali, basi nani atashangaa mchwa wakipanda? Kitako cha zege, pengo la sentimita mbili, na vishikio vya chuma. Kila mwezi angalia kama kuna njia ya udongo inayopanda kwenye kitako. Ukiona, bomoa njia hiyo siku hiyo hiyo na utafute inakotoka.

Kisha panda juu. Paa lina maungio, na kila ungio lina mastiki (gundi ya kuziba nyufa) iliyokauka na kupasuka. Ikwangue yote, weka mpya. Mwaga ndoo ya maji juu, ingia ndani ufunge mlango, tazama. Maji yatakuonyesha kila kosa la paa.

Hatua ya sita: chuma, nyufa na sumu

Kwanza sumu. Chukulia kwamba rangi yote ya zamani ina risasi, hata kama hujaona lile tabaka la chungwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kidogo kisicho na madhara. Usisugue ikiwa kavu, usitumie mashine ya kusaga kuiondoa, na usiichome moto kamwe, kwa kuwa moto huigeuza moshi unaoingia mapafuni moja kwa moja. Tandika plastiki chini, nyunyizia maji, kwangua kwa mkono, kausha papo hapo kwa kitambaa. Vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio cha kweli, kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Usile wala kuvuta sigara hapo, na nguo za kazi zisiingie nyumbani. Mabaki yafungwe kwenye mfuko mnene, yasichomwe na yasimwagwe bustanini kwenye mboga za lengalenga. Mji huu umebeba vumbi la madini la kutosha tangu tanuru la Union Minière, sisi tusiongeze.

Usikubali kupigiwa mchanga kwa mashine yenye nguvu. Fonte itatoka safi sana, na mapambo yake yatakuwa yamelainika, herufi zimekula kingo. Brashi ya waya, patasi nyembamba na subira vinatosha.

Sasa kuchomelea. Lubumbashi haina upungufu wa mafundi hodari. Katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba, kila barabara ina mmoja. Lakini fundi aliyezoea mageti akiweka kijiti cha kawaida kwenye fonte baridi, utasikia mlio mdogo inapopoa: ufa mpya umefunguka pembeni mwa ule aliouziba. Fonte inahitaji vijiti vya nikeli, ipashwe moto kwanza, ichomelewe vipande vifupi, na ipoe polepole sana ikiwa imefukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Kama fundi hajui utaratibu huu, mshukuru na umwachie mageti.

Kwa nyufa nyingi kuna njia bora isiyotumia moto. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee. Tengeneza bamba la chuma linalofuata umbo la ndani, lipake rangi ya kuzuia kutu pande zote, lifunge kwa nyuma kwa bolti ndogo. Nje halionekani, na fundi wa miaka 50 ijayo akipata njia nzuri zaidi atalifungua bila kuharibu kitu. Hiki ndicho kipimo changu kwa kila ukarabati wa kitu cha zamani: je, atakayekuja baada yangu ataweza kuufungua?

Bamba lililooza kabisa likatwe mpaka ufikie chuma kizima, na kiraka kiwe cha unene ule ule. Alumini iache iwe alumini: osha, sugua taratibu, usiifunge kwa bolti za chuma tupu.

Na neno moja kwa mji wa shaba. Kila kamati itataka kibao kizuri cha shaba ya kufuliwa, kazi ya mafundi wetu, kikigongewa mlangoni. Shaba ikigusana na chuma au alumini kukiwa na unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, na alumini huliwa vibaya zaidi. Hata maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yanatosha kudhuru. Weka kibao hicho kwenye nguzo yake pembeni. Ikibidi kikae kwenye kibanda, kiwe chini kabisa, kwa skrubu za inoksi (chuma kisichoshika kutu) na pete (washa) za plastiki nyuma yake.

Hatua ya saba: mbao na vioo

Mlango wa mbao usiutupe kwa sababu sehemu ya chini imeoza. Kata palipooza kwa mshazari, unganisha mbao mpya ya aina ile ile au ya ugumu unaokaribia. Mninga, ambao hapa Katanga tunauita mulombwa, unavumilia maji na hauchezi sana, lakini ununue wenye karatasi halali. Vioo vipya viwe vya usalama, vile ambavyo vikivunjika havitoi visu. Vioo vya zamani vilivyobaki vizima viweke juu, mbali na mipira ya watoto. Kibao cha juu chenye neno la simu kikiwa kimevunjika, hifadhi vipande na utengeneze nakala. Usibuni herufi mpya, fuatisha zile zile kwa karatasi inayopenyeza mwanga.

Hatua ya nane: rangi

Paka wakati wa kiangazi, na ndani ya kiangazi chagua Mei hadi Julai. Agosti na Septemba zina upepo, vumbi na majivu ya moto wa porini, vyote vitanasa kwenye rangi mbichi. Juni na Julai usiku ni baridi na asubuhi chuma kina umande usioonekana, basi anza saa nne asubuhi baada ya kukipapasa kwa kiganja, na acha saa tisa alasiri ili rangi ishike kabla ya baridi kurudi.

Chuma kilichosafishwa kisilale bila rangi hata usiku mmoja. Safisha eneo unaloweza kulimaliza siku hiyo. Tabaka mbili za rangi ya kuzuia kutu, ile wanayoiita dukani antirouille, uliza ya fosfeti ya zinki na ukatae yenye risasi. Kila tabaka liwe na rangi tofauti kidogo ili uone palipobaki wazi. Kingo na vichwa vya bolti vipakwe kwa brashi kabla ya sehemu bapa, maana rangi hukimbia kingo na kutu huanzia hapo. Kisha tabaka mbili za rangi ya mwisho. Usizibe njia za hewa.

Kuhusu rangi yenyewe, simama imara. Kampuni ya simu inaweza kuja na ofa ya kupaka bure, kwa masharti ya nembo yake pande zote nne. Mwambie mwakilishi wake kwa heshima kwamba jina la kampuni litaandikwa kwenye kibao cha wafadhili pembeni. Akikataa, kosa rangi ya bure.

Hatua ya tisa: kipe kazi

New York waliondoa simu yao ya mwisho ya mtaani iliyomilikiwa na jiji Mei 2022 na kuipeleka jumba la makumbusho. Kwetu ningependa kingine. Uingereza kuna vibanda vilivyogeuzwa maktaba ndogo za kubadilishana vitabu, na vingine vimewekwa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Kinachoviokoa ni kwamba kila siku kuna mkono unaofungua mlango.

Lubumbashi mkono huo tayari upo. Ni wa mama wa kabine, aliyekaa chini ya mwavuli na meza yake ndogo, anauza maunite (salio la simu), anatuma na kutoa pesa. Anafanya kazi ile ile ya kibanda: kuunganisha watu walio mbali. Mpe nafasi ndani au ubavuni mwa kibanda, na kodi yake iwe matunzo: kufagia, kufuta vioo, kufungua tundu la maji, kupiga simu akiona mtu amekuja na nyundo. Andikeni makubaliano, ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kifaransa, na asimamie mwenyekiti wa mtaa. Asipigilie msumari, asitundike jiko la makaa karibu. Kama anahitaji paneli ya jua, iwe na nguzo yake, isitobolewe kwenye paa.

Chombo cha simu kirudishwe mahali pake hata kama hakiiti. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kupakwa nta, usiiloweke. Waya wa mkonga ukikatika usiufunge kwa utepe mweusi. Fundi wa redio anaweza kuunganisha kwa ndani. Ndani ya mkonga unaweza kuweka kifaa kidogo cha kuchezea sauti, kikiwashwa na ile swichi ya kale ya kuinua mkonga, na mtu akisikiliza apate sauti ya mzee akieleza kazi ya Gécamines, au ya mama aliyesubiri simu kutoka Kolwezi. Kwa masimulizi ya namna hiyo, tafuta watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambao mwaka 2000 walianza kukusanya kumbukumbu za wakazi katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wanaosimulia waombwe ruhusa kwanza, na familia ipewe nakala.

Kalenda ya matunzo

Wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla ya mvua: tundu la sakafuni, maungio ya paa, mastiki ya vioo, na ndoo ya maji juu. Januari, katikati ya mvua, ingia ndani siku inaponyesha na utazame. Mei osha kibanda chote kwa maji na sabuni laini, suuza, kausha, kisha tafuta kila doa la kutu hata likiwa dogo kama punje ya mtama: kwangua, paka antirouille, paka rangi. Mafuta kidogo kwenye bawaba. Kila baada ya miaka mitano au saba tabaka moja jipya la rangi ya mwisho, bila kukwangua ya chini kama imeshika.

Andika yote kwenye daftari moja linalokaa kwa mwenye ufunguo: tarehe, aliyefanya, jina na namba ya kopo la rangi, duka lililouzwa. Nakala ya PV na picha za kwanza zibandikwe ndani ya jalada la daftari hilo, na nakala ya pili iwekwe parokiani au shuleni.